Moroni: zawiya niliyolipia sikupelekwa

Jamani nimerudi kutoka Moroni, mji mkuu wa Komoro, kitambo sasa lakini hasira bado ninayo kifuani, ngoja niitoe.

Babu yangu wa Kilwa alikuwa mtu wa twarika ya Shadhiliya, njia ya masufi. Waliokulia nyumba za hivyo wanalijua jina la Sheikh Muhammad Maarufu, Mngazija wa Moroni, huyo ndiye aliyeieneza twarika huku pwani kwetu, na kaburi lake liko hukohuko Moroni. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa yule muongoza watalii lilikuwa zawiya, yaani nyumba ya ibada ya watu wa twarika, kwenye kaburi la sheikh. Nikamwambia nimekuja kumzuru sheikh, mengine yote ziada. Akasema hakuna shida dada, tukapatana yuro 30, nikalipa zote palepale.

Asubuhi nafika nakuta kanichanganya na Wafaransa wawili. Sawa, si neno. Tukaanza na Msikiti wa Ijumaa wa zamani pale bandarini, ule mweupe wenye matao, wa mwaka 1427, mnara wake wameuongeza 1921, na wallahi ukiukuta asubuhi bahari imejaa moyo unatulia wenyewe. Sasa yeye anaeleza Kifaransa mwanzo mwisho, mimi nimesimama nyuma na baibui langu kama mbeba mizigo wao. Nikamuuliza kwa Kiswahili, na anakijua vizuri tu maana bei tulipatana kwa Kiswahili, haya matao yamejengwa kwa mawe gani? Akanijibu bila hata kugeuka, "Utasoma kwenye intaneti."

Utasoma kwenye intaneti! Mimi Muislamu, nimesimama mbele ya msikiti, nimekulipa.

Vichochoro vya Medina, yaani mji wa kale wa hapo Moroni, tulivipita mbiombio, milango ya kuchonga kama ya Mji Mkongwe hata kuigusa hakuna. Nikauliza zawiya je? Akasema pale hakuna cha kupiga picha, wageni hawataki, muda umeisha. Nikamwambia basi nirudishie hela yangu, akapanda gari na Wafaransa wake akaniacha kwenye kona, jua la saa sita.

Hapo nilikuwa naandika kichwani kwamba Moroni msiende kabisa. Ila kwenye baraza moja kulikuwa na mzee kakaa, nikamwamkia, akaniletea glasi ya maji. Nikasema asante, akacheka, akanifundisha kwamba kwao asante ni "marahaba". Mimi nimwambie marahaba mzee wa umri wa babu yangu! Mdomo ulikuwa mzito, kwetu shikamoo natoa mimi, marahaba anaitikia yeye. Akanisubiri taratibu mpaka nikaitamka. Kisha akamtuma mjukuu wake anipeleke zawiya, na yule mtoto hata hela ya soda alikataa. Nilisimama nje ukutani nikasoma Fatiha, nikamtaja babu kwa jina lake, machozi yakanitoka.

Kwa hiyo nendeni, semeni Kiswahili polepole na wao Kingazija polepole, mtaelewana. Muongozaji msichukue, au mkichukua msilipe mbele. Nilitaka nitoe nyota moja, mzee kaifanya nne. Nne kweli? Nikikumbuka lile jibu pale msikitini naona hata mbili nyingi. Basi tatu, na zote za yule mzee na mjukuu wake. Yule mwingine yuro 30 zangu bado namdai.