Miezi minane na lenzi ya milimita 50 kwenye taa za usiku za Dodoma: uzoefu wangu

Mwezi Februari nilinunua lenzi iliyokwisha kutumika, ya milimita 50 na yenye tundu la f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingizia nuru ni pana zaidi), kwa shilingi 250,000, nikaifunga kwenye kamera yangu ya Canon EOS 700D ambayo ilitoka mwaka 2013 na ambayo bado inanitosha. Lenzi yenyewe si ya Canon. Ni ya kampuni nyingine inayotengeneza lenzi za bei nafuu. Niliitafuta kwa kazi moja tu, nayo ni kupiga picha za vitu vinavyotoa nuru katika maisha ya kawaida: koroboi, jiko la mkaa, balbu ya kabati la chipsi, taa ya nyuma ya bodaboda. Mandhari na harusi nawaachia wengine, kwa hiyo anayetafuta lenzi ya harusi asiifuate hukumu yangu.

Lenzi iliyokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, ikifika milimita 50 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Hii mpya ikiwa wazi kabisa inaingiza nuru takriban mara kumi ya ile, na tofauti hiyo huioni dukani mchana. Unaiona saa mbili usiku pale Majengo, unapopata 1/100 ya sekunde mahali ambapo zamani ungelazimika kushusha shata, yaani pazia linaloamua nuru iingie kwa muda gani, hadi 1/10 na kurudi nyumbani na picha zilizotikisika. Ni nyepesi pia, haifiki nusu ya uzito wa pakiti ya unga ya kilo moja.

Nianze na lililonikera. Muuzaji alinishawishi niongeze shilingi 15,000 kwa ajili ya filta ya kioo ya kukinga lenzi, akisema vumbi la Dodoma litaimaliza. Kuhusu vumbi alisema kweli. Ila kwa wiki tatu kila nilipopiga balbu iliyo wazi gizani, nilipata kivuli chake cha kijani upande wa pili wa kitovu cha picha, kikiwa kichwa chini miguu juu, kana kwamba kuna balbu nyingine hafifu inayoning'inia mahali pasipo na kitu. Nilidhani lenzi ina ukungu ndani. Nikaifuta, nikaimulika kwa tochi, nikakaribia kuirudisha kwa ugomvi. Kumbe nuru kali hugonga kihisio cha kamera, kile kibao cha ndani kinachonasa picha, ikarudi mbele, ikakutana na kile kioo bapa cha filta na kurudishwa tena ndani. Nilipoivua filta, vile vivuli vikatoweka. Tangu hapo naivaa mchana wakati wa upepo na kuivua jua linapozama, na kinga ya lenzi usiku ni kofia yake ya plastiki, ile pete iliyo wazi inayochomoza mbele.

Picha iliyonifundisha zaidi niliipiga kwa mama mmoja anayechoma mahindi karibu na soko. Nilimwamkia, nikamwambia, "Mama, naomba nipige picha ya jiko lako." Akaitika marahaba, akacheka: "Jiko tu mwanangu, mimi hapana?" Tukakubaliana nipige jiko na mikono yake. Picha ya kwanza niliiachia kamera ijiamulie kila kitu. Kamera iliona giza lote lililozunguka jiko, ikaamua eneo hilo linahitaji nuru nyingi, na makaa yakatoka kama donge la manjano lisilo na sura. Makaa yaliyokolea yana wekundu mwingi mno, na rangi nyekundu ndiyo inayofurika kwanza kwenye kihisio. Ikishafurika, huwezi kuirudisha baadaye kwenye kompyuta. Nikahamia mpangilio wa mkono, tundu f/2, ISO (wepesi wa kihisio kupokea nuru) 800, nikapunguza muda wa shata hatua kwa hatua huku nikitazama kioo cha nyuma ya kamera. Kufikia hatua ya nne nikaona kile nilichokuwa nakiona kwa macho: ukingo wa kaa ukiwa mweupe wa majivu, chini yake wekundu wa damu ya mzee, na katikati ufa unaong'aa zaidi ya vyote. Mama alipopepea, nikashusha shata hadi robo ya sekunde, na cheche zikaandika mistari myembamba iliyopinda kufuata upepo. Hindi lenyewe lilitoka jeusi upande mmoja. Sikulirekebisha, kwa sababu lilikuwa jeusi kweli.

Koroboi ni ngumu kuliko mkaa. Moto wake una ncha ya rangi ya chungwa, tumbo la manjano na giza dogo pale karibu na utambi, lakini ukipima nuru ili uso wa aliyeketi kando uonekane, moto wote unakuwa tone jeupe. Ni lazima uchague unachokitaka, uso au moto, au umsogeze mtu karibu sana na utambi. Nyumbani kwa shangazi yangu Chamwino, umeme ulipokatika, nilichagua moto, nikaacha nusu ya uso wa mpwa wangu imezwe na giza. Kamera ikiwekwa kwenye mpangilio wa kujichagulia rangi hujaribu kuupoza ule umanjano na koroboi ikaonekana kama taa ya ofisini. Weka joto la rangi, yaani kiasi cha umanjano au ubuluu wa picha, mwenyewe. Mimi huliacha kwenye alama ya jua, na moto unabaki na umanjano wake.

Taa za LED za vibandani zina tabia yake. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na balbu nyingi za bei nafuu humeta mara 100 katika muda huo bila jicho kutambua. Ukitumia shata ya haraka, tuseme 1/500, picha moja itatoka angavu, inayofuata ina utepe wa giza unaoikata, na unaanza kuilaumu lenzi bure. Baki kwenye 1/100 au 1/50 na tatizo linaisha au linapungua sana.

Sasa sifa kuu ya lenzi hii, ambayo ndiyo watu wengi huinunulia. Ukilenga kitu cha karibu huku tundu likiwa wazi, kila taa ya mbali hugeuka duara laini la nuru. Niliweka glasi ya chai ya tangawizi ukingoni mwa meza, nikailenga kutoka kama nusu mita, na nyuma yake barabara nzima ikawa miduara: myeupe ya vibanda, ya chungwa ya nguzo za barabarani, na mwekundu mmoja wa bodaboda iliyosimama kusubiri abiria. Katikati ya picha ni miduara kamili; pembeni inabanwa na kuwa kama mbegu za boga, jambo ambalo wengine hulihesabu kuwa kasoro nami nalipenda. Ukifunga hadi f/2.8 miduara inaanza kuwa na kona saba, kwa kuwa tundu linaundwa na vipande saba. Kwa sababu hiyohiyo, ukifunga hadi f/16 na kupiga taa kali ya barabarani, inatoa miali 14. Nilihesabu.

Mchezo mwingine ni wa kadi nyeusi. Unakata umbo dogo katikati ya kadi, unaifunga mbele ya lenzi, na kila taa ya nyuma inachukua umbo hilo. Tundu la lenzi hii likiwa wazi lina upana wa karibu milimita 28, hivyo umbo lako lazima liwe dogo kuliko hapo. Mimi hukata milimita 15. Nyota ilitoka safi. Kwa kuupenda mji wetu wa zabibu nikakata jani la mzabibu kwa wembe, kazi ya saa nzima, na matokeo yake yakawa kitu kama chura aliyekanyagwa. Maumbo yenye kona chache ndiyo yanayofaa.

Udhaifu wa lenzi ni miwili. Kulenga kwake kwa mota gizani ni kwa kubahatisha: inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakata tamaa. Mimi huizima mota, nakuza picha mara kumi kwenye kioo cha kamera na kulenga kwa mkono. Pili, kwa kihisio cha kamera yangu milimita 50 zinaona kama milimita 80, yaani eneo finyu zaidi, hivyo kwenye vichochoro vya soko unajikuta ukirudi nyuma hadi unagonga tenga la nyanya la mtu. Kwa taa za mbali, kama zile za vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, ufinyu huo unakuwa msaada.

Anayeinunua atenge pia fedha za stendi nzito. Yangu ni ya alumini nyepesi, na usiku mmoja wa Julai, karibu na Nyerere Square, upepo uliiangusha nikiwa katikati ya kupiga mistari ya taa za bajaji kwa sekunde 15. Kofia ya plastiki ilipasuka na lenzi ikapona. Siku hizi naning'iniza mfuko wa mawe chini ya stendi na kutumia kihesabu cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise kamera.

Kwa bei niliyoilipa naipa nyota nne kati ya tano, ile ya tano nikiizuia kwa ajili ya mota. Mama wa mahindi nilimpelekea nakala ya picha iliyosafishwa studio. Aliitazama, akaigeuza nyuma kuona kama kuna nyingine, kisha akauliza mbona nimepiga siku aliyonunua mkaa mbaya.