Swichi ya kuunganisha VLAN: ipi inafaa Kigoma na Tabora

Gesti pale Mwanga, Kigoma, yenye VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi ileile) ya wageni, ya mapokezi na ya kamera, au shule ya Tabora yenye maabara na ofisi, haitimiziwi haja yake na swichi yoyote inayosanidiwa. TL-SG108E, kwa mfano, inatenganisha VLAN vizuri kabisa, ila haiwezi kutoa pakiti VLAN moja ikaipeleka nyingine. Hiyo ni kazi ya Leya 3, yaani kuelekeza pakiti kati ya mitandao.

Kabla ya kulipa, pima kinachovuka kutoka VLAN moja kwenda nyingine. Kamera 16 za Mbps 4 ni Mbps 64. Rekoda ikikaa VLAN moja na kamera, mzigo huo hauvuki kabisa. Kama kinachovuka ni intaneti ya Mbps 20 tu, ruta uliyonayo na tranki moja ya gigabiti (kebo moja inayobeba VLAN zote) vinatosha, hata kama kila pakiti inaingia na kutoka kwenye kebo ileile. Fedha inayobaki nunulia UPS. Swichi ya Leya 3 ina maana pale seva ya mafaili ipo VLAN moja na kompyuta 30 zinazoivuta zipo nyingine.

Ukiihitaji, chaguo ni tatu. Ya kwanza: MikroTik CRS326-24G-2S+RM. Porti 24 za gigabiti, mbili za SFP+ (za kasi zaidi, za fiba), na haina feni. Kwa vumbi la kiangazi cha Tabora hilo ni jambo kubwa, maana feni ndiyo hufa mapema. Inakula wati 24 kwa kiwango cha juu na inapokea volti 10 hadi 30 za DC. Kwa hiyo betri ya volti 12 ya Ah 100, ukitumia nusu yake, inaibeba kama saa 25 bila inveta. Weka fyuzi tu karibu na betri.

Inahitaji mkono wa fundi. Inakuja na mifumo miwili ya uendeshaji, SwOS na RouterOS, na ikiwaka kwenye SwOS haielekezi chochote; iwashe kwenye RouterOS toleo la 7. Kisha, ili chipu ielekeze pakiti badala ya prosesa, andika:

`/interface/ethernet/switch set 0 l3-hw-offloading=yes`

Ukisahau mstari huo VLAN zitaongea, lakini kila pakiti itapitia prosesa ndogo ya 800 MHz, na wateja watalalamika swichi mpya ni nzito. Ukiuandika, pakiti zinazopita kwenye chipu hazigusi tena ukuta wa moto wa RouterOS, kwa hiyo kizuizi cha wageni kiandike kwenye kanuni za swichi yenyewe. Na usiwashe `vlan-filtering` kabla hujaiweka bridge (daraja la ndani linalounganisha porti) kwenye orodha ya tagged (wanaopokea pakiti zenye lebo) ya VLAN unayoingilia, utajifungia nje. Fanya kazi ndani ya Safe Mode. Muunganisho ukikatika, mipangilio inarudi ilivyokuwa.

Ya pili: TP-Link TL-SG3428. Hii ni kwa ofisi isiyo na fundi wa kudumu. Kurasa zake zinaeleweka, nayo haina feni. Njia ni za kuandika kwa mkono, OSPF (itifaki ya vifaa kufundishana njia zenyewe) hakuna, lakini kwa jengo moja huihitaji.

Ya tatu: Cisco Catalyst 3560G iliyotumika. Imara, ila ina feni na inakula umeme zaidi. Soma kibandiko: 3560-24TS isiyo na G ina porti za Mbps 100. Usilipe kabla hujachomeka kebo ya konsoli kwa kasi ya 9600, ukaandika `show env all` kuona feni na joto, kisha `ip routing` kwenye hali ya usanidi kuona kama inakubali kuelekeza. Kutoka Dar hadi Kigoma ni zaidi ya kilometa 1,200, na kuirudisha kutakula faida yote.

MikroTik na TP-Link hizi hazitoi PoE (umeme kupitia kebo ya mtandao), na kwa 3560G hutoa zile tu zenye PS kwenye jina, kwa hiyo kamera zipe swichi yake ndogo ya PoE.

Kosa linalorudi kila mahali ni hili: VLAN 10 inapingi VLAN 20, lakini intaneti hakuna. Swichi inajua njia ya kwenda kwa ruta, ruta haijui njia ya kurudi. Kama VLAN zako zina anwani za 192.168, swichi ni 10.0.0.2 na ruta 10.0.0.1, kwenye ruta ongeza njia ya 192.168.0.0/16 kupitia 10.0.0.2, na hakikisha NAT (inayobadili anwani za ndani kuwa ya intaneti) inazigusa anwani hizo. DHCP (ugawaji wa anwani) ikibaki kwenye ruta, washa rilei (inayopeleka maombi ya anwani kwa ruta) kwenye kila VLAN, la sivyo kompyuta za wageni zitajipa anwani za 169.254. Na kwenye Catalyst, anwani ya VLAN haiamki mpaka angalau porti moja ya VLAN hiyo iwe na kifaa kilichowashwa, kwa hiyo chomeka kompyuta kwanza ndipo uanze kutafuta kosa.