Kilo 20 bila lumbesa: miezi mitano kwenye kliniki ya mazoezi, Usa River

Natoa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ngazi, nitafika huko.

Mimi nauza nafaka. Jumatano na Jumamosi nipo gulioni Tengeru, siku nyingine nipo kibandani kwangu Usa River. Nimezaliwa Maji ya Chai, kwa hiyo anayeijua Arusha ameshamaliza hadithi kabla sijaianza: meno ya kahawia na matege. Maji ya upande wetu wa Mlima Meru yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi tulikunywa ya kwetu tangu utotoni bila kumuuliza mtu. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachochuja hiyo floraidi kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na nilipokuwa nimelala na mguu juu ya mto nilikuwa nawaza sana habari hiyo, mifupa ya ng'ombe kuokoa mifupa ya watu. Daktari hakuniapia kwamba matege yangu yametoka kwenye maji. Ila nilipoingia ofisini kwake aliangalia meno kwanza, magoti baadaye.

Goti la kushoto ndilo lililonishinda. Gegedu, ile kinga laini ya ncha za mifupa, ya upande wa ndani ilikuwa imelika, ya upande wa nje nzima kabisa. Shemeji yangu anaendesha Noah, alielewa haraka kuliko mimi: "Shemeji, hilo ni tairi lililokosa alaimenti." Ndivyo ilivyo. Kwa miaka yangu 46 daktari alisema goti la bandia ni mapema mno, bora kunyoosha mguu ili uzito uhamie upande uliobaki mzima. Wakakata mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, wakaupanua upande wa ndani kama mtu anavyotia kabari kwenye gogo, wakaufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Ilikuwa Machi, masika inaanza.

Upasuaji wenyewe sina la kusema, nilikuwa nimechomwa ganzi. Kurudi nyumbani ndiko kulikuwa na mambo. Nilitoka wodini na magongo ya kwapani marefu kuliko mimi, karatasi yenye picha nne za mazoezi, na maneno "usikanyagie sana." Usikanyagie sana ni kiasi gani? Kwenye biashara yangu mteja akikwambia "nipimie sana" mtagombana.

Kliniki ninayoizungumzia ni vyumba viwili nyuma ya duka la dawa. Jina silitaji kwa kuwa nina malalamiko, anayetaka kuijua anifuate kibandani. Mtaalamu ni kijana mmoja wa fiziotherapia na msaidizi wake wa kike. Wiki mbili za kwanza alikuja nyumbani, mara nne, Sh 35,000 kila safari. Baada ya hapo nilikuwa naenda mwenyewe kwa bajaji, Sh 20,000 kwa kipindi. Nimehudhuria vipindi 22. Piga hesabu: jumla Sh 580,000, bajaji mbali. Bima ililipa upasuaji, haya mazoezi nimelipa kwa choroko na maharage.

Siku ya kwanza aliingia, "Shikamoo mama," nikamwitikia, halafu bila kuomba radhi akavuta mto niliokuwa nimeuweka chini ya goti. Nililia. Ule mto ndio uliokuwa unaniwezesha kulala. Akaniwekea chini ya kisigino, goti likabaki linaning'inia hewani.

"Goti likizoea kukunjika hivi, mama, utachechemea maisha yako yote. Kukunja kutakuja. Kunyooka ndiko kunakopotea."

Hilo peke yake nahesabu limenilipia zile safari nne. Kwenye karatasi ya hospitali halikuwemo, na majirani waliokuja kunipa pole kila mmoja alikuwa ananiongezea mto mwingine palepale pasipotakiwa.

Kisha akaniambia kaza msuli wa paja. Nikakaza. Hakuna kilichotokea. Nikaangalia paja langu kama naangalia la mtu mwingine, naliamuru haliitiki. Akasema ni kawaida, msuli wa paja ukiona goti limevimba unajizima. Siku ya tatu ukatikisika kidogo kama nyama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi. Alifurahi kuliko mimi.

Sasa mizani. Wiki sita za kwanza nilitakiwa kukanyagia mguu kwa kilo 20 tu, zisizidi. Kijana akaleta mizani ya kupimia watu, akaiweka sakafuni, pembeni yake kibao cha unene uleule ili miguu ilingane. Mguu mzima kwenye kibao, mgonjwa kwenye mizani, magongo mkononi. "Kanyaga mpaka usome ishirini." Mara ya kwanza nilikanyaga 34. Mara ya pili kwa woga 12. Nikamwambia, mwanangu, mimi debe la mahindi nalijua kwa mkono, mguu ndio haujasoma. Akacheka, akasema basi tuusomeshe: debe moja, bila lumbesa.

Tulifanya hivyo kila kipindi. Nasoma mizani, nafumba macho, nakanyaga tena, nafumbua. Wiki ya tatu nilikuwa napata 19, 21, 20 bila kuangalia. Nyumbani nilitumia mizani ya dukani. Wateja wakiniona nimesimama na mguu mmoja juu ya mizani ya maharage walidhani nimechanganyikiwa. Sijui kama kliniki nyingine hufanya hivi, lakini kama mtaalamu wako anakwambia "kanyaga kidogo kidogo" na hana mizani, mnunulie.

Magongo aliyafupisha, akapima vidole vitatu vipite kati ya kwapa na gongo. Nilikuwa nayalalia kwapani mpaka vidole vya mkono vinakufa ganzi, kumbe uzito unatakiwa ukae kwenye viganja. Mpira wa chini ulilika upesi kwa tope la masika. Fundi viatu wa pale stendi alinikatia mwingine kwenye tairi, mpaka leo haujalika.

Choo pia. Nyumbani kwetu ni cha kuchuchumaa, na kuchuchumaa kwa goti lile ni ndoto hata leo, mwezi wa tano tangu upasuaji. Msaidizi wake ndiye aliyetuambia tukate tundu kwenye kiti cha plastiki. Mume wangu alikata kwa msumeno wa chuma, kingo akazichoma kwa moto zisinikwaruze. Sikuona aibu kuuliza, na yeye hakuona aibu kujibu.

Kilichonifanya niiheshimu kliniki hii ni wiki ya tatu. Kigimbi cha mguu uliopasuliwa kilivimba, kikawa cha moto, nikikigusa kinauma. Mama mkwe wangu, mama mwema kabisa, alikuwa ameshabandika maji ya moto na majani yake aanze kunikanda. Nikampigia kijana kumwambia leo siji, nakandwa nyumbani. Akaniambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mama, mtu asiguse huo mguu. Usikandwe, usije kwangu. Nenda hospitali sasa hivi."

Akampigia na mume wangu kuhakikisha. Alihofia damu imeganda ndani ya mshipa, na ukiisugua bonge linaweza kung'oka likapanda kwenye mapafu. Nilipimwa altrasaundi. Haikuwa damu iliyoganda. Ilikuwa uvimbe wa mtu mkaidi: siku mbili nilikuwa nimeiba safari kwenda kibandani, nikakaa kutwa nzima mguu umening'inia, kwa vile maharage yalikuwa yamepanda bei. Alipojua hakunigombeza. Alisema tu, "Mguu juu ya moyo, mama, biashara chini." Kijana huyu angeweza kuniita, akanisugua mafuta na kuchukua 20,000 yake. Hakufanya hivyo.

Na hapa niseme kwa wanaotarajia kukandwa: mtasikitika. Wagonjwa wengi niliokutana nao kwenye benchi walikuwa wananung'unika kwamba wamelipa hela na hawajaguswa. Unafanya kazi wewe, yeye anapima. Paja analipima kwa futi ya fundi cherehani (langu lilipungua sentimita nne, nilidhani amekosea, akapima tena). Goti analipima kwa kidude cha plastiki chenye mikono miwili na kuandika nyuzi za kukunja kwenye daftari. Nyuzi 55, 70, wiki ya sita 95. Kisigino nilikuwa nakivuta kwa kanga, nimeipitisha unyayoni kama mtu anayefunga mzigo. Kanga hiyo imepasuka.

Eksirei ya wiki ya sita ilionyesha mfupa umeanza kuziba, wakaniongezea uzito. Ndipo nikapandishwa baiskeli ya mazoezi, kuukuu, tandiko limechanika na kufungwa gundi ya karatasi. Pedali haikubali kuzunguka mpaka goti lipite nyuzi 100 na ushei. Siku kadhaa nilikuwa napiga nusu mzunguko mbele, nusu nyuma, kama mtu anayebembeleza mtoto. Ilipozunguka mara ya kwanza ilizunguka kinyumenyume, na wagonjwa wenzangu wakapiga makofi.

Malalamiko. La kwanza, miadi. Unaambiwa saa tatu asubuhi, unakuta mwenzio kaambiwa saa tatu hiyohiyo. Nimewahi kukaa benchi dakika 50, na benchi lenyewe fupi, haliruhusu kunyoosha mguu. La pili, taa nyekundu. Wakati kijana hayupo, waliwahi kunipendekezea taa ya joto kwa nyongeza ya Sh 10,000. Nilikubali mara mbili. Ilinipa joto. Jua la Usa River linanipa joto bure.

La tatu ni ngazi. Ngazi tatu za saruji mlangoni, hazina kishikio, mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni. Kliniki ya magoti! Kuna bibi mmoja alikuwa anapandishwa na dereva wa bajaji amebebwa kama gunia. Nilipomwambia kijana alinijibu kwamba nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki kutobolewa ukuta. Halafu akazigeuza kuwa darasa: kupanda anza na mguu mzima, kushuka anza na mgonjwa. Nimejifunza, sikatai. Lakini kishikio cha bomba hakizidi bei ya vipindi vinne.

Hali yangu sasa: goti linanyooka lote, linakunja nyuzi 125. Gongo niliacha mwezi wa nne tangu upasuaji. Noah napanda mwenyewe, siti ya mbele bado naipenda. Mguu wa kushoto umenyooka, wa kulia una tege lake, kwa hiyo kwa muda huu natembea na miguu ya watu wawili tofauti, na watoto wa jirani wameshaniona. Bamba linaniuma nikipiga goti kuokota nafaka. Daktari amesema baada ya mwaka au mwaka na nusu, mfupa ukishakomaa, linaweza kutolewa kama nitataka.

Wa kulia umepangwa mwakani, baada ya mavuno. Magongo ninayo, kiti chenye tundu kipo stoo, mizani ni ya kwangu. Nitarudi palepale. Nimemwambia kijana bomba la kishikio nitanunua mimi, yeye akazungumze na mwenye nyumba.