Miezi minne na kipima mvuke wa tina, karakanani Keko

Nina karakana ya samani Keko. Mvua ikinyesha tunafunga mlango, tunaendelea kupiga vanishi, na mvuke wa tina, kimiminika cha kuyeyushia vanishi, unabaki ndani na sisi. Fundi wangu alipoondoka mara ya pili huku kichwa kinamgonga, Januari hiyo nikaenda Kariakoo kununua kipima mvuke cha mkononi, shilingi 180,000.

Ndani yake mna utando mwembamba wa polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki, uliochanganywa na chembe ndogo mno za kaboni, na kaboni ndiyo inayopitisha umeme. Mvuke ukiingia, polima inavimba, chembe zinaachana, umeme unapita kwa taabu na namba inapanda. Mvuke ukitoka, inanywea.

Nilikijaribu kwa matone matatu ya tina kwenye kizibo cha soda. Sekunde kumi hazijaisha, 4 imeshakuwa 61. Kushuka sasa! Karibu dakika sita. Spiriti ya kunawia mikono ilikipandisha hadi 9 tu. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba kinatambua kila kemikali kwa jina. Uongo mtupu. Utando mmoja haujui jina la mvuke. Wanaotaka hilo hupanga tando kadhaa za polima tofauti, wakalinganisha kila moja imevimba kiasi gani. Changu kina mmoja, na unapenda toluini, kemikali iliyomo kwenye tina.

Faida ya pesa yangu niliiona siku nilipokitoa ukutani. Pale juu kilisoma 20. Dogo wa msasa hukaa sakafuni, nikakiweka karibu na goti lake: 47. Mvuke wa toluini ni mzito kuliko hewa, kama mara tatu, kwa hiyo unatuama chini. Dogo ananiuliza, "Bosi, mbona mimi sisikii harufu?" Pua ilishazoea. Msasa tukauhamishia barazani siku hiyohiyo, na feni tukaishusha isukume hewa ya chini kuelekea mlangoni.

Masika ndiyo yamenichosha nacho. Asubuhi, hata kopo halijafunguliwa, kinasoma 15 kwa unyevu tu, mpaka nikitoe nje nikirudishe sifuri. Halafu namba zake ni zake mwenyewe, huwezi kuzilinganisha na viwango vya usalama kazini, kwa hiyo barakoa za kichujio hatujavua.

Nyota tatu kwa kifaa. Muuzaji simpi hata moja.