Nyota nne hazinitoshi, niambie umefika ukurasa gani

Mtu akikuambia kitabu fulani amekipa nyota nne kati ya tano, amekuambia nini? Kwamba alikipenda, basi. Hujui kama kilimkesha au kilimchukua miezi, kama kilimliza au kilimchekesha, wala kama wewe na uchovu wako wa jioni utakiweza. Nimetumia huduma mbili za kuonyesha ninachosoma na kuchota mapendekezo ya wenzangu, Goodreads kwanza na StoryGraph baadaye, na kipimo changu kwa zote ni hicho hicho: je, inamfanya msomaji aseme zaidi ya nyota?

Goodreads ndiyo kongwe. Ilifunguliwa mwaka 2007, Amazon wakainunua 2013, na karibu kila anayependa kubishania vitabu mtandaoni amewahi kupita hapo. Unapata rafu, zikiwemo za ulivyosoma, unachosoma sasa na unavyotaka kusoma. Utajiri wake ni watu. Tafuta kitabu chochote chenye jina, utakuta wameshakivua nguo na kukivisha tena.

Tatizo ni jinsi watu wanavyozitumia nyota. Kwa maelezo ya Goodreads wenyewe, nyota mbili ni kitabu cha kuridhisha tu, si kibaya, na tatu ni kwamba umekipenda. Nani anasoma maelezo hayo? Watu wanazitoa kama walimu wanaosahihisha mtihani, tatu inaonekana ni kufeli, na wastani wa vitabu vingi unasongamana jirani na nne. Kitabu cha 3.9 na cha 4.1 vinatofautiana nini? Mimi sijawahi kuiona tofauti hiyo. Kwa hiyo wastani naupita bila kuutazama, nashuka moja kwa moja kwenye maoni ya waliotoa nyota tatu. Wa nyota tano anashangilia, wa moja ana hasira zake (mara nyingine ni hasira kwamba kitabu kilichelewa kumfikia, jambo ambalo mwandishi hahusiki nalo). Wa nyota tatu ndiye anayekueleza palipomnogea na palipomchosha, na mara nyingi kilichomchosha yeye ndicho ninachokitafuta mimi. Mtu akilalamika kwamba riwaya nzima watu wamekaa wanaongea tu, mimi naiweka kwenye orodha yangu.

StoryGraph ilianza 2019 mikononi mwa Nadia Odunayo, mhandisi wa programu wa Uingereza. Kuhamia kwake hakukunitesa: unapakua orodha yako kutoka Goodreads ikiwa faili, unaipandisha upande wa pili, na vitabu vyako vinakufuata pamoja na nyota zake. Nyota huku zinagawanyika hadi robo, hivyo unaweza kutoa 3.75. Wapo wanaoona huo ni utoto. Mimi naipenda robo yangu.

Lakini kilichonifanya nibaki ni maswali unayoulizwa ukimaliza kitabu. Kilikuwa cha huzuni, cha kuchekesha, cha mashaka, cha kutafakarisha? Kilikwenda polepole au mbio? Kinasukumwa na matukio au na wahusika? Wahusika wenyewe wanapendeka? Unagusa tu, huhitaji kuandika insha, na majibu ya wasomaji wote yanajumlishwa kwenye ukurasa wa kitabu. Nikifungua nikaona wengi wamesema ni cha polepole, cha huzuni, kinaegemea wahusika, hapo nimeshapendekezewa, au nimeshaonywa.

Kuna pia orodha ya mambo mazito yaliyomo kitabuni, kama vifo, ukatili au maradhi, yakiwa yamepangwa kwa uzito wake: yameelezwa kwa kina, kwa kiasi, au yametajwa tu. Zamani niliona ni kuwadekeza wasomaji. Kisha rafiki yangu aliyefiwa na mama aliniomba riwaya ya kumsogezea usiku, na ile niliyokuwa karibu kumtajia, nilipoichungulia, ilikuwa na mazishi ya mama yameelezwa kwa kina. Nikampa nyingine. Tangu hapo, kabla ya kumtajia mtu kitabu, napitia orodha hiyo.

Sehemu ninayoitumia kuliko zote, kwenye huduma zote mbili, ni ya kitabu ninachosoma sasa. Ukitangaza kitabu ulichomaliza, watu wanakupa hongera na mazungumzo yanaishia hapo, kwa sababu umeshatoa hukumu na hakuna la kuongeza. Sema badala yake kwamba uko ukurasa wa 140 na msimulizi umemchoka. Wanakuja. Mmoja anakuapia kwamba vumilia hadi sehemu ya pili, mwingine anasema hata yeye aliishia hapo hapo na hajutii. Wote wawili wamekupa kitu. Na wewe hujajifanya mhakiki, umesema tu ulipo na unavyojisikia, jambo ambalo hata msomaji mwoga kuliko wote analiweza.

StoryGraph wana kitu wanachokiita usomaji wa pamoja. Mnachagua kitabu kimoja, kila mtu anasoma kwa mwendo wake, na maoni unayoacha ukurasa fulani yanabaki yamefungwa kwa mwenzako hadi afike hapo. Nilisoma hivyo riwaya ya upelelezi na dada yangu, ambaye husoma haraka na hana siri. Nilikuwa naona ameandika kitu mbele yangu, siwezi kukifungua, na mara nyingi nilisoma sura ya ziada usiku kwa ajili ya hicho tu. Nilipofika kwenye maoni yake marefu kuliko yote nikakuta ameandika kuhusu kosa la chapa. Hata hivyo, sijapata njia bora ya kusoma na mtu mnayeishi mbali naye.

Mapendekezo ya mashine nayapa alama za chini zaidi, popote yalipo. Yanajua kwamba umesoma riwaya za vita, basi yanakumiminia vita. Hayajui kwamba ile moja uliipenda kwa sababu ya bibi mmoja aliyetokea sura mbili tu. Binadamu mwenzako ukimwambia hilo atafikiri kidogo kisha akutajie kitabu kisicho na bunduki hata moja. Na yale malengo ya mwaka, ya vitabu vingapi utasoma, niliyazima. Yananifanya nichague vitabu vyembamba. Ukiyapenda, StoryGraph inakuruhusu kuweka lengo la kurasa badala ya idadi ya vitabu, na hiyo angalau haimwadhibu mwenye kusoma kitabu kinene.

Sasa kwa sisi tunaosoma Kiswahili. Vitabu vyetu vingi kwenye majukwaa ya namna hii ni jina la kitabu na jina la mwandishi, wakati mwingine bila hata picha ya jalada, na maoni hakuna. Mashine haiwezi kukupendekezea kitabu ambacho hakuna mtu aliyekieleza, hivyo hata msomaji wa Kiswahili mtupu huishia kuoneshwa vya Kiingereza. Dawa yake ni ndogo na inachosha: kitabu kisipokuwepo StoryGraph, unakiongeza mwenyewe. Geuza jalada la nyuma, chukua ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu (tarakimu 13, au 10 kama kilichapwa kabla ya 2007), jaza idadi ya kurasa, piga picha ya jalada, kisha jibu yale maswali ya hali na kasi. Muhtasari nauandika mistari michache bila kufichua mwisho. Maoni yangu nayo nayaandika kwa Kiswahili. Mtu mmoja aliniuliza nani atayaelewa huko. Nikamjibu, yule yule aliyekusudia kukisoma kitabu.