Fito za mninga au paini kwenye tela la kulalia?

Hapa Tabora ukitaka kupamba tela lako la mbao, lile lenye umbo la tone la maji, utachagua kati ya mninga wa kwetu na paini ya Mafinga. Bodi lenyewe ni plaiwudi tu, fito, yaani vipande vyembamba vya mbao vya kubandika kwa gundi, ni urembo wa juu.

Mi roho yangu iko kwa mninga aisee. Ukishapiga randa na vanishi mkono wa kwanza ile rangi ya kahawia yenye wekundu inaamka yenyewe, alafu hauchezi, yaani jua la mwezi wa kumi lipige masika iingie fito haijikunji wala kuachia gundi kirahisi. Ila kata ule weupe wa pembeni wote, wadudu wanaupenda. Na vaa barakoa, vumbi lake linawasha pua mpaka kesho. Kingine hakikisha mbao ina alama ya nyundo ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, na risiti, usije ukanyang'anywa njiani.

Paini ni rahisi bei na nyepesi, kwa fito za milimita 6 unaokoa kama kilo moja kila mita ya mraba, gari dogo litakushukuru. Shida vifundo. Kwenye mkunjo wa paa fito yangu ilikatika palepale kwenye kifundo, gundi ishapakwa, niliumia sana.

Kwahiyo mi ubavuni naweka mninga, paani paini safi isiyo na kifundo, nazipanga rangi mbili zipishane pale zinapokutana.