Juma la Mateso na Pasaka katika ushirika mmoja wa Moravian Tukuyu: yanayomngoja mgeni

Kila mwaka Kwaresma ikielekea ukingoni, watu wa Rungwe, wilaya ya Mbeya ulipo mji wa Tukuyu, wanaoishi Dar es Salaam huanza kuulizana nani atapanda nyumbani kwa Pasaka na nani atangoja Krismasi. Mwaka 2025 Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili, na mimi na mke wangu tulikuwa miongoni mwa waliopanda, kwa kuwa baba yake alifariki Agosti iliyotangulia, na katika kanisa lao majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita husomwa makaburini alfajiri ya siku ya Ufufuo. Mimi nimelelewa katika Ulutheri wa mjini, na Pasaka niliyoizoea ni ile ya nguo mpya, ibada ya saa nne na pilau. Safari hii nilifika Jumamosi ya kabla ya Matawi nikaondoka jioni ya Jumatatu ya Pasaka, nikahudhuria ibada zote isipokuwa moja. Nayaandika haya kwa ajili ya mgeni, mkwe, au mwana wa nyumbani aliyekaa mbali kwa miaka mingi, ambaye anafikiria kufanya vivyo hivyo na angependa kujua atakachokikuta. Ushirika wenyewe sitautaja kwa jina, kwa sababu nina lawama juu yake pia, na waliotupokea walitupokea kwa wema.

Mwenye siku moja tu asiende ibada kubwa ya Jumapili saa nne, bali aende ile ya alfajiri. Mwenye siku mbili aongeze Ijumaa Kuu. Lakini anayeweza kupata juma zima alipate, maana kilichonigusa zaidi ni ibada za jioni, ambazo hakuna aliyenisifia kabla sijafika.

Wamoravian, ambao ni Waprotestanti kama sisi Walutheri, wana desturi ya zamani ya kuisoma habari ya mateso ikiwa imeunganishwa kutoka Injili zote nne na kuwa simulizi moja, na kila jioni husomwa mambo yaliyotukia siku hiyohiyo. Jumatatu unakuwa hekaluni pamoja na Yesu, Alhamisi unafika Gethsemane, wala hakuna anayekurukisha hatua. Hakuna mahubiri. Msomaji anasoma, watu wanaimba ubeti, msomaji anaendelea pale alipoachia. Jumatatu alisoma binti wa sekondari, Jumanne muuguzi mstaafu, Jumatano mzee wa kanisa aliyefuata mistari kwa kidole, na nakiri kwamba yule mzee ndiye aliyenifanya nisikie maneno ambayo nimeyasikia tangu utotoni bila kuyasikiliza. Watu walikuja kutoka mashambani na kwenye chai, wengine wakiwa bado na mabuti ya mpira, na benchi nililokalia mimi lilikuwa na mwalimu mkuu, kibarua wa kuchuma chai na bibi mmoja aliyesinzia kwa amani tangu mwanzo hadi mwisho.

Aprili ni mwezi wa mvua nyingi Tukuyu, na anayekwenda alitegemee hilo. Jumatano ile mvua iliangukia bati kwa kishindo mpaka sauti ya msomaji ikapotea, na kipaza sauti hakikusaidia kitu. Mzee akanyamaza, akaweka kidole mahali alipofika, akangoja. Nilidhani mwalimu wa kwaya angeanzisha pambio ili kuziba pengo, kama ambavyo ingefanyika kwetu bila shaka, lakini hakuna aliyeinuka. Tulikaa karibu robo saa, kanisa zima, katika mngurumo wa maji, na mvua ilipopungua mzee akaendelea na sentensi ileile. Kama ushirika huu ungekuwa na jambo moja tu la kutufundisha sisi wa mijini, ningechagua hilo la kuvumilia ukimya pamoja.

Ijumaa Kuu ibada kuu huanza mchana ili kifo cha Bwana kisomwe karibu na saa tisa, saa ambayo Injili inaitaja. Msomaji alipofika pale Yesu anapokata roho, watu wote walipiga magoti, kengele ikagongwa taratibu, na watoto walikuwa wametulia kuliko nilivyowahi kuona watoto wakitulia. Ingetosha watu kuondoka kimyakimya baada ya hapo, na kwa desturi ya Kimoravian ndivyo inavyotakiwa. Badala yake, tukiwa tumeinuka tu kutoka magotini, mhasibu alikwenda mbele na daftari kusoma matangazo ya ujenzi wa nyumba ya mchungaji, na baada ya kiasi kilichopatikana akasoma majina ya wale ambao hawajamaliza ahadi zao. Jina moja baada ya jingine, pamoja na kiasi kinachodaiwa. Nilimwona mama mmoja, mbele yangu kidogo, akiinamisha kichwa na kukishika kitambaa chake kwa mikono miwili. Ninaelewa kwamba nyumba haijengwi kwa maneno, na kwamba wakulima hupata fedha kwa msimu na wanahitaji kukumbushwa, ila kwa kumtaja mtu kwa deni lake chini ya msalaba, siku hiyo, dakika hiyo, ushirika ulikosea, na nilimwambia hivyo mzee wa kanisa aliyetukaribisha. Hakukasirika. Alisema jambo hilo limeshazungumzwa barazani na bado halijapata mwafaka.

Jumamosi Kuu asubuhi ni siku ya kufyeka makaburi. Kila mtaa unapewa sehemu yake, na mgeni akishika fyekeo au jembe atakuwa amejitambulisha vizuri kuliko kwa hotuba yoyote. Hapa niliona jambo la kufikirisha. Desturi ya kwenda makaburini alfajiri ya Pasaka ilianza mwaka 1732 huko Herrnhut, kijiji cha Wamoravian nchini Ujerumani, ambapo vijana wa kiume walipanda kilimani palipozikwa wenzao ili kuimba jua likichomoza, na pale Herrnhut mawe ya makaburi hulala chini na kufanana, tajiri na maskini, ili kuonyesha kwamba mbele ya Mungu wako sawa. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na ibada hiyo, nayo imeota mizizi, lakini usawa wa mawe haukusafiri nayo. Katika makaburi tuliyofyeka yapo yaliyojengewa vigae na kuwekewa picha ya marehemu, na yapo matuta ya udongo yasiyo hata na msalaba wa mti, ambayo vijana waliyakanyaga bila kujua mpaka mama mmoja akawaonyesha. Mama huyo alikuwa anayajua yote. Alitembea mbele yetu akitaja nani yuko wapi, na kila alipotaja, kijana mmoja alichomeka kijiti.

Mchana wake kulikuwa na chakula cha upendo, desturi nyingine ya Kimoravian, ambacho ni chakula chepesi kinacholiwa kanisani kwa nyimbo na maombi wala si karamu. Tulipata chai ya maziwa na andazi moja moja. Chai ilitoka katika ndoo zilezile kwa watu wote, mchungaji alikunywa katika kikombe cha plastiki kama sisi, na watoto walihudumiwa kwanza. Nimekula vyakula vingi vya kanisa vilivyogharimu zaidi, lakini sikumbuki kingine ambacho hakikuwa na meza ya wageni rasmi. Hiki ndicho ningeomba kisibadilishwe kamwe.

Kuhusu alfajiri, usitegemee kulala. Kuanzia saa tisa usiku bendi ya tarumbeta ilizunguka mtaa kwa mtaa, ikipiga nyimbo za Ufufuo, ikijibiwa na mbwa na majogoo, na kwa kuwa ni nchi ya vilima ulisikia sauti ikizama bondeni na kuibukia upande wa pili. Mvua ilikuwa imekatika, na mawingu yalipofunguka ulionekana mwezi uliobaki nusu. Saa kumi na moja tulikutana uwanjani kwa kanisa. Mchungaji alitamka kwamba Bwana amefufuka, watu wakaitikia kwamba amefufuka kweli kweli, mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, kisha tukapanga mistari miwili na kwenda makaburini kwa tochi na taa za simu. Vaa koti na viatu visivyoogopa tope, maana baridi ya saa hizo ni kali na njia inateleza. Wazee wasiojiweza walibebwa kwa bodaboda hadi karibu, utaratibu ambao vijana waliupanga wenyewe na ambao ulikwenda vizuri.

Jua halikuonekana. Karibu saa moja kasoro robo ukungu uligeuka kuwa mweupe, migomba ikaanza kuonekana, na katika mwanga huo mchungaji alisoma liturujia ya Pasaka, ambayo ni ungamo la imani na pia ni ombi la kudumu katika ushirika na ndugu waliotangulia. Hapo ndipo katibu alipofungua daftari na kusoma majina. Yalikuwa 19. Yanasomwa polepole, bila cheo na bila ukoo kutangulizwa, na husomwa hata ya waliozikwa majumbani kwao. Baba mkwe amelala nyumbani kati ya migomba yake, si pale kanisani, lakini jina lake lilikuwa la saba, na mke wangu, ambaye hakulia siku ya maziko kwa sababu ya shughuli za kuhudumia watu, alilia pale huku akiwa ameshikwa mkono na mwanamke asiyemfahamu.

Katibu alipofunga daftari, mzee mmoja alinyosha mkono. Akasema limebaki jina moja, la bibi aliyekuwa akifagia kanisa, aliyefariki wakati wa mavuno ya mahindi akiwa hana mtoto wala ndugu wa karibu. Nilihofu kwamba ingeleta mtafaruku. Mchungaji aliomba radhi hapohapo mbele ya watu wote, akamwuliza mzee jina kamili, akalisoma kwa sauti, na akaomba tarumbeta zipige ubeti mmoja. Daftari lenye majina ya wenye madeni lilikuwa halikumkosa mtu hata mmoja siku mbili kabla. Nalisema hili kwa uchungu, na pia kwa matumaini, kwa sababu ushirika ambao mzee wa kawaida anaweza kunyosha mkono katikati ya liturujia na akasikilizwa bado una uhai ndani yake.

Ibada ya saa nne sitaieleza kwa urefu. Ilichukua saa nne kamili, kwaya zilikuwa 7, na vyombo vya muziki vilivyokodiwa vilifunguliwa sauti kubwa kiasi kwamba wenye watoto wachanga walihamia chini ya turubai nje. Mahubiri, yaliyotoka 1 Wakorintho 15, yalikuwa mafupi na yenye nguvu, yakasisitiza kwamba Paulo aliyaandika kwa watu waliokuwa wakigombana wao kwa wao. Mnada wa sadaka ulinifurahisha: asiye na fedha analeta mkungu wa ndizi, maparachichi, kuku au maziwa, na mwenye fedha ananunua, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko ya sokoni, na mara nyingine anamrudishia kitu hicho mjane aliyekaa jirani yake. Nilinunua mkungu, nikaelekezwa nyumba ya kuupeleka.

Nyumba hiyo niliifikia Jumatatu ya Pasaka, siku ambayo mijini tunaitumia kulala. Wanajumuiya hugawana nyumba za wagonjwa na wazee, wanaongozana na mchungaji au mwinjilisti mwenye Meza ya Bwana, nao hubeba unga, sabuni, ndizi na chochote kilichobaki mnadani. Kundi letu lilikwenda nyumba 5. Katika ya tatu alikuwamo mzee aliyepooza upande mmoja, ambaye hakuweza kusema vizuri, lakini wimbo ulipoanza aliimba maneno yote bila kukosea, na mkewe akatuambia kwamba tangu Krismasi hajatamka sentensi nzima. Hatukuambiwa tufanye nini na habari hiyo. Mwinjilisti aliimba naye beti zilizobaki, zote, kisha akamega mkate.

Kwa atakayekwenda: hakuna kiingilio wala bahasha ya lazima, na ibada ni kwa Kiswahili, pamoja na nyimbo chache za Kinyakyusa ambazo jirani yako atakutafsiria kwa furaha. Jifunze kusema "ugonile" kwa salamu na "ndaga fijo" kwa shukrani. Mgeni asiye na ndugu pale amwarifu mzee wa kanisa mapema, naye atatafutiwa mwenyeji. Kama una mtu wako aliyefariki ndani ya mwaka, mpelekee katibu jina lake kwa maandishi kabla ya Jumamosi Kuu, na umwombe akusomee alivyoliandika. Pasaka ya 2026 ni tarehe 5 Aprili, na mke wangu ameshampigia simu yule mama anayeyajua makaburi yote, kumwomba amhifadhie sehemu ya kufyeka karibu na bibi aliyekuwa akifagia kanisa.